Kazi ya Marehemu: Mama wa Nyumbani?

Nimekuwa kimya kwa muda, na wanaonifahamu wanajua sababu. Tulikuwa msibani. Bibi yangu mzaa mama ametutoka, tukampeleka kumzika kwao Matombo, kwenye milima ya Uluguru, alikozaliwa. Nawashukuru wote mliotupa pole, mliochanga, na mliopanda nasi ule mlima kwenye tope.

Leo sitaki kuandika kuhusu huzuni. Nataka kuandika kuhusu kosa nililolifanya mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, usiku wa kuamkia mazishi.

Mnajua taratibu zetu. Kabla ya mwili kuingizwa kaburini lazima usomwe wasifu wa marehemu. Na kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa habari wa ukoo, hakuna aliyeuliza nani atauandika. Mjomba alinimulikia kwa tochi ya simu, mama na mama mdogo wakawa wananitajia. Amezaliwa Matombo. Ameolewa. Amejaliwa watoto 7, wajukuu 23, vitukuu 9. Nikauliza, "Kazi yake tuandike nini?" Pakawa kimya. Mjomba akasema, "Hakuwa na kazi. Andika mama wa nyumbani."

Nikaandika. Kesho yake nikausoma mbele ya watu. Kwa saa yangu ulichukua dakika mbili. Zaidi ya miaka 80 ya binadamu, dakika mbili, na hapo katikati "mama wa nyumbani".

Siku ya nne wanawake wa ukoo walifungua sanduku lake la bati. Kwetu Waluguru ukoo unahesabiwa kwa mama, kwa hiyo vitu vya bibi vina watu wake na utaratibu wake. Zilitoka kanga, shuka ambazo hazijawahi kutandikwa, rozari, na chini kabisa madaftari matano yaliyofungwa kwa kipande cha kanga. Hakuna aliyeyataka. Mama mdogo akanirushia: "Chukua wewe unayependa makaratasi."

Ndugu msomaji, nimekaa na madaftari hayo wiki tatu sasa, na ninaona aibu.

Wacha nianzie mwanzo. Bibi hakujua tarehe yake ya kuzaliwa. Alichokijua ni kwamba wakati wa matuta alikuwa ametoka tu kuchezwa unyago. Kwa watu wa Uluguru "wakati wa matuta" haihitaji maelezo. Miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha watu wa milimani kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia udongo usimomonyoke. Wataalamu waliona ni jambo la maana. Wachimbaji waliona ni kazi ya bure, tena wanawake ndio waliokuwa wakishinda na jembe. Mwaka 1955 watu walichoka, ghasia zikazuka huko huko Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu akapoteza maisha. Mpango ukaachwa. Vitabu vya historia ya kudai uhuru vinalitaja tukio hilo, lakini havimtaji msichana aliyekuwa akichimba matuta asubuhi na jioni akimsaidia mama yake kutwanga. Msichana huyo ndiye bibi yangu. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza, na hakulipwa.

Baada ya uhuru aliolewa na kijana aliyepata ajira Dar es Salaam, kwenye kiwanda kimoja cha nguo. Wakapanga chumba Manzese, wakati huo bado kuna minazi na mikorosho. Babu alikuwa na mshahara, kitambulisho cha kazi, na baadaye pensheni ya kuisubiri. Kwenye makaratasi ya nchi hii babu yupo kila mahali. Bibi yupo kwenye cheti cha ubatizo na kadi ya kliniki.

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Tumelikariri shuleni: misingi ya ujamaa, miiko ya viongozi, kujitegemea. Kuna sehemu moja ambayo walimu wetu hawakuikazia sana. Azimio lenyewe linasema kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote Tanzania, saa 12 mpaka 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, wakati wanaume wengi wa vijijini nusu ya maisha yao wako likizo. Nenda kalisome. Halikuandikwa na mwanaharakati wa jinsia wa miaka hii. Ni tamko la chama tawala cha wakati ule.

Sasa kumbuka hilo, maana tutalirudia.

Miaka michache baadaye bibi alijifunza kusoma. Wakati wa uhuru na miaka iliyofuata, watu wazima wengi nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya kisomo yakafunguliwa hata chini ya miembe. Bibi alikuwa akienda jioni na mtoto mgongoni. Mama anakumbuka akimwona anafanya mazoezi ya herufi kwa mkaa, ubavuni mwa sufuria. Hebu fikiria: mwanamke aliyeamka saa 9 usiku, saa 11 jioni amekaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la kwanza anaandika "baba, bata, boga".

Kwa nini aliamka saa 9 usiku? Kwa sababu alikuwa anakanda maandazi.

Hapo ndipo madaftari yanapoanza. La kwanza ni la mwaka 1977. Wino umefifia, mwandiko umelala upande mmoja, lakini hesabu zimenyooka. Upande wa kushoto unga, sukari, mafuta, hamira, mkaa. Upande wa kulia mauzo. Nyuma kuna orodha ya wadaiwa, na hakuwaandika kwa majina. Aliwaandika kwa alivyowajua: "fundi baiskeli", "mrefu wa kiwandani", "mama pacha", "kondakta", "mwalimu mpya". Mwalimu mpya alidaiwa miezi mitatu mfululizo. Mwezi wa nne amekatwa kwa mstari mmoja, na pembeni imeandikwa "amehama". Halafu, kwa herufi ndogo, "Mungu amsaidie".

Daftari la mwaka 1978 lina mstari mwezi Novemba: "mchango wa vita". Ndiyo, vita vya Kagera. Iddi Amin alivamia Oktoba mwaka huo, na nchi nzima ikachanga. Tunawakumbuka wanajeshi, na wanastahili. Lakini hela ya maandazi nayo ilikwenda Kagera.

Baada ya vita ilikuja ile miaka ambayo wazazi wetu wakiitaja wanatikisa kichwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekufa mwaka 1977, mafuta yalipanda bei, vita vilikuwa vimekula fedha za kigeni, viwanda vilikosa vipuri, ukame ulipiga. Sisi wa kizazi cha supamaketi hatuwezi kuelewa. Sukari kwa mgawo. Sabuni kwa mgawo, na isipopatikana watu walifulia majani ya mpapai. Unga ulikuwa ule wa njano ulioletwa kama msaada, wananchi wakaubatiza "yanga". Foleni zilianza usiku, na mtu aliyeshindwa kulala nje aliweka jiwe kumshikia nafasi. Mama anasema jiwe la bibi lilikuwa jeupe, alilitoa kwao Matombo, na kila mtu pale dukani alilijua.

Kwenye madaftari miaka hiyo inasomeka kama taarifa ya uchumi iliyoandikwa jikoni. "Unga hakuna, mihogo." "Mafuta hakuna, uji." "Sukari hakuna, magimbi ya chai." Nilikaa nikahesabu. Katika mwaka 1982 kuna miezi minne tu aliyopika maandazi mfululizo. Iliyobaki alichemsha kile kilichopatikana, na mara nyingi kilitoka kwenye shamba la ukoo wake Uluguru: magimbi, ndizi, mihogo. Milima ile ile aliyoichimbia matuta kwa kulazimishwa ndiyo iliyomlisha yeye na wateja wake mjini. Lakini hakuna mwezi ambao haukuandikwa. Hakuna mwezi alioacha kufanya kazi.

Sasa turudi kwenye lile la Azimio. Mwaka 1983 serikali ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya nguvukazi. Lengo lake, kwa maneno, lilikuwa zuri: kila mwenye nguvu afanye kazi. Tatizo lilikuwa swali dogo tu, kazi ni ipi? Mwenye mshahara alikuwa na kazi. Mkulima kijijini alikuwa na kazi. Lakini wauza samaki, washona viatu, wauza vitafunwa mitaani, hao walihesabiwa kama wazururaji. Dar es Salaam watu walikamatwa, wakapakiwa kwenye malori na kupelekwa vijijini wakalime.

Siku moja walimkuta bibi barabarani na beseni lake. Simulizi hii naipata kwa mama, aliyekuwepo, ana miaka 13. Askari akauliza, "Kazi yako nini?" Bibi akasema, "Hii." Askari akacheka, akasema hiyo siyo kazi. Bibi akamwambia, "Basi waulize waliokula asubuhi." Wakamchukua, beseni likabaki njiani. Mama akakimbia mpaka kiwandani kumwita babu. Babu akaja na kitambulisho chake, akaeleza kwamba huyu ni mke wake, na jioni wakamwachia.

Nimeifikiria sana picha hiyo. Mwaka ule mshahara wa babu, kama wa wafanyakazi wengi wa nchi hii, ulikuwa hautoshi hata nusu ya mwezi. Kwa hesabu za daftari, faida ya bibi katika mwezi mzuri ilikuwa zaidi ya mshahara wa mumewe. Yeye ndiye aliyekuwa akimlisha mwenye kitambulisho. Lakini ili asipelekwe kijijini kama mzururaji, ilibidi mwenye kitambulisho aje kumdhamini. Katika miaka 16 tu, mwanamke yule yule ambaye taifa lilimsifu kuwa anafanya kazi kuliko wote akiwa mlimani, akawa hana kazi kwa sababu tu amehamia mjini na jembe lake limegeuka kuwa mwiko.

Simlaumu askari. Na wala siandiki haya kuubeza ujamaa, maana bila elimu ya watu wazima nisingekuwa na daftari la kusoma. Nasema tu kwamba macho ya nchi yalifundishwa kuona kazi ya aina moja.

Kesho yake, saa 9 usiku, aliamka akakanda. Daftari la siku hiyo lina mstari mmoja wa ziada: "beseni jipya".

Mambo yakabadilika. Bajeti ya 1984 ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, maduka yakaanza kuwa na vitu. Mwalimu akang'atuka Novemba 1985, akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa. Mwaka 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Wachumi wanaweza kubishana mpaka kesho kama ilikuwa dawa au sumu. Mimi nina andazi. Andazi moja la bibi mwaka 1980 ni senti 50. Mwaka 1985 ni shilingi 2. Mwaka 1990 ni shilingi 8. Mwaka 1996 ni shilingi 30. Dola ambayo mwaka 1980 ilikuwa shilingi 8 na ushee, mwaka 1990 ilikaribia 200. Ukitaka kujua shilingi yetu iliugua vipi, usisome ripoti, soma bei ya andazi.

Na kila bei ilipopanda, nyuma ya daftari orodha ya wadaiwa ilirefuka. Hakuwahi kuacha kukopesha. Nilimuuliza mama kwa nini, akanijibu, "Njaa ya mtu mzima haina matangazo." Alikuwa anamnukuu bibi.

Katikati ya miaka ya 80 ada ya sekondari ilirudishwa. Bibi alikuwa na watoto watatu wa rika hilo kwa mpigo. Hapo ndipo kwenye daftari linatokea neno "upatu". Wanawake 12 wa mtaa, kila wiki mmoja anapokea. Nimeona zamu zake zote na alichofanyia kila moja. "Ada." "Ada." "Sare na ada." "Bati 6." "Ada." Zamu moja tu katika miaka yote hiyo imeandikwa "kitenge changu", na hiyo ilikuwa mwaka 1991, harusi ya binti yake wa kwanza.

Mmoja wa watoto wale waliolipiwa ada ni mjomba. Yule yule aliyenimulikia tochi. Nilimwonyesha ukurasa wenye ada yake ya kidato cha tatu. Alisoma mara mbili, akavua miwani, akatoka nje. Hakurudi haraka.

Miaka ya 90 mashirika ya umma yakaanza kuuzwa na wafanyakazi kupunguzwa. Babu naye alipunguzwa. Kiinua mgongo kilikwisha kabla ya mwaka. Huyo aliyekuwa na kazi hakuwa na kazi tena, na huyo asiye na kazi akaongeza sufuria. Aliacha beseni akafungua kibanda karibu na majengo yaliyokuwa yanajengwa: wali maharage, ugali dagaa, chai asubuhi. Akawa mama ntilie kamili. Mnajua jina lenyewe lilivyotokea, ni wateja wanaosema "mama, nitilie". Siku hizi tumelisafisha, tunasema mama lishe. Babu, nasema kwa heshima zake zote, akawa mtu wa kuteka maji na kuosha sahani. Ndiye aliyenifundisha mimi kuosha sahani bila kupoteza maji. Nadhani ndiyo miaka waliyopendana zaidi.

Mimi nimekulia nyuma ya kibanda hicho. Nilijua harufu ya mkaa kabla sijajua harufu ya kitabu. Nilisoma magazeti kwa sababu bibi aliyanunua kwa kilo kufungia maandazi, na mara nyingi nilimchelewesha mteja kwa kuwa sijamaliza habari. Watu wakiniuliza uandishi nilijifunzia wapi huwa nataja chuo. Nimekuwa nikidanganya.

Aliacha kibanda mwaka 2009, magoti yalipogoma. Akamwachia mama mdogo. Desemba 2018 Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, mama mdogo alikwenda kukichukua, akamwonyesha bibi. Bibi akakishika, akakigeuza, akauliza, "Kwa hiyo sasa ni kazi?" Tukacheka wote. Mimi nilidhani anatania.

Wanahistoria wanafanya kazi na kilichoandikwa, na sisi waandishi wa habari ndio tunaotakiwa kuandika. Mimi nimewahoji mawaziri, nimewahoji wachezaji mpira, nimekaa saa mbili nikimsubiri mwanamuziki aliyechelewa. Bibi yangu aliishi kilomita 7 kutoka ofisini kwetu na sikuwahi kumwekea kinasa sauti hata mara moja. Nilijua atakuwepo Jumapili. Ninachokijua leo nimekipata kwenye madaftari ambayo nusura yafungiwe maandazi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kama bibi yako yupo, au mama yako, usimuulize "habari za siku" ukaishia hapo. Muulize aliamka saa ngapi mwaka 1983. Muulize jiwe lake la foleni lilikuwa la rangi gani. Muulize ada yako ilitoka wapi. Halafu andika, maana siku ikifika utaulizwa "kazi yake nini" usiku wa manane na watu wamechoka, na utaandika kama nilivyoandika mimi.

Jumamosi ijayo tunapanda tena Matombo kwenye misa ya arobaini. Nimemwomba mjomba nafasi ya kusoma wasifu upya. Amesema atausoma mwenyewe. Sehemu ya kazi tumeiandika pamoja, na inasomeka hivi:

"Marehemu alichimba matuta Uluguru akiwa msichana. Aliuza maandazi Manzese tangu akiwa na mtoto mchanga mgongoni, baadaye akaendesha biashara ya chakula mpaka mwaka 2009. Aliwasomesha watoto wake wote 7. Alikopesha watu ambao wengi wao hawajalipa. Madeni yote amesamehe."